Insha ya Beseni la Bati

Ravensroyd, Yorkshire
4 Oktoba 1983

Mwalimu Haigh mpendwa,

Huenda hunikumbuki, na wala usijisumbue. Mimi ni Doreen Ackroyd, siku hizi Doreen Pickersgill. Nilikuwa nakaa safu ya pili karibu na bomba la joto, na alama zangu za mkato zilikuchosha mpaka nilipoondoka mwaka 1959. Anwani yako nimepewa na mama wa duka la sufu pale sokoni. Anasema bado unaagiza kwake sufu ya kijivu, na kwamba huko pwani upepo unakusumbua magoti.

Nina shida ya kiualimu, ndiyo maana nimemkimbilia mwalimu. Tangu Januari nafundisha Kiingereza kila Jumanne jioni kwenye ukumbi wa maktaba. Wanafunzi wangu ni watu wazima kumi na wanne, wengi wao akina mama wa Kipakistani waliowafuata waume zao viwandani, pamoja na wazee wawili wa Kipolandi wanaogombania kiti kimoja. Silipwi. Mume wangu Clifford anasema mimi ndiye mtu pekee Yorkshire nzima anayefanya kazi ya bure kisha anarudi nyumbani akitabasamu.

Sasa tunafika kwenye maneno ya kuliko wote. Wiki iliyopita Zubeda Akhtar, anayeshona mapazia kiwandani na haachi neno lipite bila kulikagua, aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini tall inaongezewa mkia na beautiful inawekewa kitu mbele? Nani kaamua?" Nikamjibu ni Malkia. Darasa lilicheka sana, lakini jibu sikuwa nalo, na Zubeda alijua sina.

Naomba unisaidie kabla ya Jumanne ya tarehe 18. Mimi bado niko shuleni kama ulivyoniacha, ila shule ni nyingine. Clifford na mimi tuna binti mmoja, ameolewa.

Mwanafunzi wako,
Doreen Pickersgill


Kettlewick
8 Oktoba 1983

Doreen mpendwa,

Nakukumbuka vizuri sana. Alama zako za mkato bado ni balaa. Katika barua hii nimehesabu saba zisizo na kazi.

Mwambie Bi. Akhtar hivi. Neno fupi la silabi moja huvaa mkia: tall linakuwa tallest. Neno refu haliwezi kubeba mkia, hivyo hutanguliziwa most, kama alivyogundua mwenyewe kwenye beautiful. Ya katikati, yenye silabi mbili, ni makaidi. Yale yanayoishia kwa y huigeuza kuwa i na kuvaa mkia, kama happiest. Mengine utayazoea kwa sikio. Yanayoeleza jinsi kazi inavyofanyika huchukua most kwa kawaida, isipokuwa mafupi kama fast na hard. Mtu huweza kufanya kazi hardest, na wala hakuna haja ya kuliongezea kitu. Kisha yapo machache yasiyofuata sheria yoyote, na kama ilivyo kwa watu, ndiyo tunayoyahitaji zaidi: good, bad na far. Hayo wakariri tu.

Kuyaunda ni rahisi, kuyatumia ndiyo kazi. Sharti wawepo watatu au zaidi, na sharti anayesema awe amewaona wote. Tena kuliko wote ni mmoja. Ukimpa na wa pili umemnyang'anya wa kwanza, na wewe mwenyewe umekuwa mwongo kwa wote wawili. Niliwafundisha hivyo kwa miaka thelathini na minane.

Niseme jambo moja zaidi. Sikujua kama uliwahi kufika shuleni kufundisha. Niliposoma kwamba uko shuleni nilishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Siwezi kukueleza jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa na wasiwasi juu yako kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kumbe ulifika kwa njia nyingine.

W. Haigh


Ravensroyd
23 Oktoba 1983

Mwalimu mpendwa,

Somo lilikwenda vizuri mno. Niliwaambia kila mtu aandike sentensi moja kuhusu nyumbani kwake. Zubeda aliandika kwamba mama mkwe wake ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote mtaani, akaniomba nisiisome kwa nguvu kwa sababu mama mkwe yuko chini anamsubiri. Bwana Kowalczuk aliandika kuwa yeye ndiye mzee kuliko wote, mwenzake akakataa, ikabidi watoe vitambulisho. Nimecheka mpaka msichana wa maktaba akaja kuangalia kuna nini.

Lakini Mwalimu, nimekupotosha bila kukusudia, na nisipokusahihisha nitakosa amani. Mimi si mwalimu wa shule. Niko jikoni. Napakua chakula cha mchana kwa watoto mia mbili na kumi: viazi vya kuponda, nyama ya kusaga, kastadi yenye utando juu. Kabla ya hapo nilikuwa ofisi ya kiwanda cha mazulia miaka kumi na moja. Chuo cha ualimu walinikataa mwaka ule wa 59, na nilijua ni haki yao. Barua yako ya kunipendekeza ilikuwa imeshafika kwao, kwa hiyo upande huo ulikuwa salama. Mimi ndiye niliyeharibu kwenye usaili. Yule bibi aliniuliza nasoma vitabu gani, ulimi ukaganda. Nilirudi na basi nikamwambia baba, "Hawanitaki," akasema, "Basi, mwanangu, wao ndio wanajua," akaenda kunawa. Hatukulizungumza tena.

Sasa sikia. Chuo kilekile kimeanza kuchukua watu wazima wasio na vyeti, mradi mwalimu wao wa zamani aandike barua ya mapendekezo. Mwisho ni tarehe mosi Desemba. Nina miaka arobaini na miwili. Nilimwambia Clifford kwa aibu, nikidhani atacheka. Akaweka gazeti chini akasema, "Dor, umenisahihishia Kiingereza changu miaka ishirini na mbili bila mshahara. Nenda ukalipwe."

Utaniandikia, Mwalimu? Huna haja ya kuongeza chumvi. Andika kama ulivyoandika mwanzo.

Doreen


Kettlewick
12 Novemba 1983

Doreen mpendwa,

Barua yako nimeipata. Nilikuwa na mafua. Hilo la chuo nitaliandika.

W. Haigh


Ravensroyd
20 Novemba 1983

Mwalimu mpendwa,

Pole kwa mafua. Nakutumia kipande cha keki ya tangawizi iliyobaki tangu sikukuu ya mioto ya tarehe tano. Imekaa wiki mbili kwenye kopo na sasa ndiyo imelainika inavyotakiwa. Sikusukumi, ila zimebaki siku kumi na moja. Fomu nimeshaijaza kwa kalamu nzuri ya Clifford. Zubeda ameikagua na kuniambia mwandiko wangu wa a unafanana na o.

Kama kuna kitu nilichosema vibaya, niambie. Nimeisoma upya nakala ya barua yangu na sikioni.

Doreen


Kettlewick
25 Novemba 1983

Doreen mpendwa,

Sikuwa na mafua.

Februari 1959 wasichana wawili wa darasa langu mliomba chuo kimoja, wewe na Rosalind Fairbank, binti wa daktari. Mama yake alikuja kwangu mapema kwa sababu walikuwa wanasafiri. Rosalind alikuwa msichana mzuri na nadhifu. Niliandika kwamba ndiye mwanafunzi bora kuliko wote niliokuwa nao, nikafunga bahasha, nikaipeleka posta. Nilikuwa na haraka, na mama yake alikuwa amekaa mbele yangu na kofia yake.

Siku tisa baadaye ikafika zamu yako. Nilikaa mezani na insha yako ya beseni la bati, ile ya baba yako anavyorudi kuoga kwenye beseni kutoka kiwanda cha kutia rangi sufu, ngozi leo bluu, kesho nyekundu, na nyinyi watoto mnakisia rangi kabla hajafungua mlango. Nilijua nani alikuwa kuliko wote. Nilijua hata kabla Rosalind hajaomba. Lakini ningekuandika hivyo, wasomaji walewale pale chuoni wangeshika barua mbili za mkono mmoja zenye sifa ileile, na wangesema Haigh hajui maana ya maneno yake. Nilikuwa mwanamke pekee kati ya walimu wanaume kumi na sita. Usahihi ndio uliokuwa heshima yangu, sikuwa na nyingine.

Nikaandika kwamba kazi yako inaridhisha. Niliandika kwamba una bidii na ni mtulivu, na kwamba nyumba yenu ni ya watu wanyofu. Kila neno lilikuwa kweli. Nilifunga bahasha kama desturi inavyotaka, na kwa sababu hiyo hukuijua kamwe.

Usaili haukuwa kosa lako. Waliokuuliza maswali walikuwa wameshasoma barua yangu. Rosalind alifundisha mwaka mmoja, akaolewa, akaenda Kanada.

Ningeweza kukuandikia barua nzuri na kunyamaza. Nilijaribu, na karatasi ziko motoni. Kila nilipofika kwenye jina lako niliona unavyonishukuru. Naambatanisha barua ya chuo. Sikuifunga, kinyume na desturi. Isome, kisha uitume au usiitume.

Najuta. Nimefundisha watu neno hilo miaka yote hiyo na sikuwahi kuliandika kwa ajili yangu.

Winifred Haigh


Ravensroyd
29 Novemba 1983

Mwalimu Haigh,

Nairudisha barua yako. Nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba mimi ndiye bora kuliko wote uliowahi kuwafundisha kwa miaka thelathini na minane. Miaka ishirini na minne iliyopita ningeikumbatia na kulala nayo. Leo siwezi kujua kama ni kweli au unanilipa fidia.

Wewe ulitufundisha tusitumie neno hilo ovyo. Basi mimi nitakusikiliza.

Baba alifariki mwaka 71 akiamini kwamba wao ndio walijua.

Clifford ananiambia niitume hata kama nimekasirika. "Hasira ni zako," anasema, "stempu ni ya Malkia." Sikucheka. Nimeiweka fomu kwenye droo ya vijiko.

D. Pickersgill


Kettlewick
6 Januari 1984

Doreen,

Barua imefika. Una haki ya kila neno, na alama za mkato zote zilikuwa mahali pake.

Sitakusumbua tena.

W. Haigh


Ravensroyd
11 Machi 1984

Mwalimu mpendwa,

Nimeianza barua hii mara tatu, kwa hiyo nivumilie ikienda kombo.

Mwezi wa Januari Bwana Kowalczuk aliniomba barua ya mapendekezo. Hospitali ilikuwa inatafuta mtu wa kusukuma vitanda. Nilifurahi kuombwa, sikuwahi kuombwa kitu kama hicho. Nikaandika kwamba ndiye mwenye bidii kuliko wote darasani mwangu. Wakamchukua, na sasa anawaamkia watu mtaani kwa kofia.

Wiki tatu zilizopita Zubeda naye akaja. Hospitali hiyohiyo, wodi ya watoto, wanatafuta msaidizi. Alisubiri mpaka wenzake wote wametoka, akasema, "Mwalimu, mume wangu kakubali, mama mkwe kakubali, nimebakiwa na wewe tu." Nilirudi nyumbani nikakaa mezani. Nikawaza: ofisi ni ileile, karani ni yuleyule, na barua ya Kowalczuk iko kwenye faili lao. Wakiona nimewaita wawili wenye bidii kuliko wote wataniona mimi ni nani, mpakua viazi anayejifanya mwalimu. Nikaandika kwamba Zubeda ana bidii na ni mtulivu. Nikalamba bahasha.

Mwalimu, niliilamba kabisa. Gundi ilikuwa bado ulimini ndipo nikasikia nilichoandika. Clifford akauliza, "Umeuma nini?" kwa jinsi nilivyokaa. Nikaichana. Nikaandika upya kwamba Zubeda Akhtar ni bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na kama wana barua nyingine yangu inayomtaja mwingine, basi ile ndiyo niliyokosea na karani aniite nije niseme mbele yake. Hawajaniita. Zubeda alianza Jumatatu, wamempa joho la kijani linalomfika miguuni.

Kuna jingine. Jumanne iliyopita niliwahadithia darasa habari za baba na rangi zake, ili wajifunze kusimulia mambo yaliyopita. Alison, yule msichana wa maktaba, alikuwa anapanga vitabu. Akasimama. "Hiyo naijua," akasema. "Bi. Haigh alitusomea tukiwa kidato cha nne. Alikuwa akilisomea kila darasa, kila mwaka. Ya beseni la bati." Nikamuuliza alisema nini juu yake. "Alisema ndiyo insha bora kuliko zote alizowahi kusahihisha. Tulimuuliza ni ya nani, akatuambia tufungue ukurasa wa arobaini." Alison alisoma kwako mwaka 1974. Hukuwa na deni la kunilipa mwaka huo, wala hukujua kama niko hai.

Kwa hiyo ilikuwa kweli, na mimi nilikurudishia.

Nilipiga simu chuoni siku ya pili yake. Hawachukui tena watu wasio na vyeti. Ule wa Desemba ulikuwa mwaka wa mwisho, pesa zimekatwa. Mara ya kwanza ulinizuia wewe kwa sababu ya heshima yako. Mara ya pili nilijizuia mwenyewe, na sababu ilikuwa hiyohiyo. Nimelia jikoni kwenye mvuke wa kabichi ambako hakuna anayeuliza.

Naomba unitumie ile barua. Sina pa kuipeleka. Naitaka tu.

Pasaka ikipita Clifford atanileta huko pwani, kama utakubali. Nitaleta keki.

Wako,
Doreen


Kettlewick
19 Machi 1984

Bi. Pickersgill,

Hunijui. Mimi ni Edna Ogden, jirani wa Bi. Haigh, mlango wa kijani. Samahani kwa mwandiko, mimi ni mtu wa kuuza samaki, kalamu si yangu.

Bi. Haigh alipatwa na kiharusi tarehe 20 Februari. Yuko nyumbani, amekataa hospitali, nesi anakuja asubuhi na mimi nashinda naye mchana. Mkono wa kulia haufanyi kazi. Maneno anayo machache na hayaji yanapoitwa. Anajua vizuri anachotaka, ila akitaka chai anaweza kusema dirisha, kisha anajikasirikia.

Barua yako ilikuja Alhamisi. Nilimsomea. Akanionyesha kwa kidole nimsomee tena. Nilipofika pale pa yule mama wa joho la kijani alicheka, au nadhani alicheka, upande mmoja. Nilipofika pale pa chuo alifumba macho na sikuendelea mpaka alipoyafumbua.

Hiyo barua unayoitaka nimeitafuta kila mahali, kwenye dawati, kwenye kopo la sufu, hata nyuma ya saa. Baadaye nikakumbuka, na lazima nikwambie ukweli. Mwanzoni mwa Januari nilimkuta anachoma karatasi kwenye jiko, nikamuuliza, "Unasafisha nyumba, Bi. Haigh?" akasema, "Nasafisha ukweli uliogeuka uongo kwa kuchelewa." Sikumwelewa na sikuuliza. Nilipomkumbusha juzi aliniangalia kwa namna ambayo sitaki kuiona tena.

Ijumaa akadai kalamu. Nilimwambia ataniambia mimi niandike. Hakutaka. Nikamwekea ubao wa kukatia mkate mapajani na karatasi juu yake, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua tangu nesi alipoondoka mpaka nilipoleta supu. Alitoa jasho. Karatasi mbili alizikunja, hii ya tatu ndiyo aliyonipa.

Amenionyesha nisiifunge bahasha, kwa hiyo usidhani posta wameifungua. Nimechomeka tu ulimi wa bahasha ndani.

Tarehe amekosea. Nilimwambia, "Mpenzi, tuko Machi, mwaka themanini na nne," nikataka kumrekebishia kwa kalamu yangu. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akatikisa kichwa, akasema neno moja lililonyooka kabisa. Akasema, "Acha."

Basi nimeiacha kama ilivyo. Njooni Pasaka ikipita, msichelewe zaidi ya hapo.

Edna Ogden


[Karatasi iliyomo ndani, kwa kalamu, herufi kubwa zilizopinda]

Februari 1959

Kwa Mkuu wa Chuo

Doreen Ackroyd ni bora kuliko wote.

W. Haigh